Mota ya Kuazima

Kijiji chetu kiko ng'ambo ya kushoto ya mto, chini ya Kisangani, na ukitaka kujua kilivyo mbali na mji usiulize kilomita. Uliza unasafirije. Kushuka kutoka mjini ni raha, mto wenyewe unakubeba. Kupanda kwenda mjini kwa kasia ni saa nne, tena kwa kubana ukingo, wanaume wawili mbele na wawili nyuma, na kila mkipumzika kidogo mkondo unawarudisha. Barabara ilikuwepo, lakini katika miaka ile ya vita madaraja yake ya miti yalikuwa yameoza, na palipobaki daraja zima askari walikuwa wameweka kizuizi. Kwa hiyo tuliogopa madaraja mazima kuliko yaliyovunjika.

Hospitali yenye chumba cha upasuaji ilikuwa mjini, ng'ambo ya kulia. Sisi tulikuwa na kituo cha afya: vyumba viwili vya matofali, kitanda kimoja cha kuzalia, na muuguzi mmoja ambaye serikali ilikuwa imemsahau kwa miaka mingi, kama ilivyonisahau mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walionilipa ni wazazi wa watoto, kwa mihogo, kwa samaki, kwa kipande cha sabuni kilipopatikana. Na kwa kuwa nilijua kuandika barua ya Kifaransa isiyo na aibu, walinifanya pia katibu wa kamati ya afya. Cheo hicho hakikuwa na faida yoyote ila muhuri. Nilikipenda sana.

Aliyenilea ni dada yangu mkubwa, yaya wangu, maana ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu. Mama yetu alifariki nikiwa sijaanza shule, naye yaya hakuwa amemaliza ya kwake. Aliiacha, akaanza kutengeneza chikwange za kuuza bandarini, na kwa mihogo ile iliyolowekwa, ikatwangwa, ikafungwa majanini, mimi nikapata kuwa mwalimu. Hakunidai shukrani hata siku moja. Alichotaka ni kunitania tu. Nilipovaa shati jeupe aliniita "Monsieur le Directeur" mbele za watu, na nilipokasirika aliongeza sauti. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nakasirika upesi na kupoa upesi, na yeye alijua kuzichezea hasira hizo bila kuungua.

Alikuwa ameolewa na mvuvi wa upande wa Isangi, mtu mpole wa maneno machache, na walikuwa na watoto watatu. Yule wa tatu alitolewa kwa kisu, hospitalini mjini, zamani kabla ya vita, wakati mashua za mota zilikuwa zinapita kwetu kila siku na safari ya mjini ilikuwa kitu cha kusimama ukingoni na kupunga mkono. Sasa mashua hizo hazikuwepo tena. Mto ulikuwa umefungwa upande wa chini, mafuta yalikuwa ya askari, na mota zilizosalia zilikuwa za wafanyabiashara wachache waliojua kuzungumza na wenye bunduki.

Yaya alipopata mimba ya nne, muuguzi alimkalisha, akaniita na mimi, akasema mbele yetu wote wawili:

"Mama, huyu mutoto hatazaliwa hapa. Balikupasua kwa ule wa tatu, ile kidonda inaweza kufunguka. Mimi niko na mikono tu. Siko na kisu, siko na damu."

"Basi hiyo mikono utanipa," yaya akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Nilihesabu miezi. Mtoto angekuja baada ya msimu wa viwavi, mvua zikiwa zimeshika. Nilikuwa na miezi mitano ya kumtafutia dada yangu njia ya kuvuka.

Mji wakati huo ulikuwa umejaa mashirika. Huwezi kuamini nchi ambayo haina chumvi inaweza kuwa na magari meupe mengi kiasi kile. Tukasikia kwamba moja ya mashirika hayo linasaidia vituo vya afya vya maeneo ya vita, nikapanda mtumbwi, nikaenda, nikapanga foleni, nikapewa fomu ya kurasa kumi na moja. Sijawahi kuulizwa maswali mengi hivyo na mtu ambaye hajanishtaki.

Katika fomu ile nilijifunza kwamba shida yetu ina jina. Inaitwa pengo. Kati ya kile ambacho nchi maskini inahitaji na kile ilicho nacho kuna pengo, na ufadhili unakuja kuliziba. Nilifurahi kweli kujua kwamba huko mbali kuna watu wanaokaa mezani na kulizungumzia pengo letu. Nikafikiri, mtu akishajua shimo liko wapi, kazi iliyobaki ni ndogo. Sikujua kwamba pengo nalo lina masharti. Lazima liwe kubwa vya kutosha lionekane, lakini lisiwe kubwa hata likatisha tamaa. Lazima liwe mahali ambapo mgeni anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Na lazima lipigwe muhuri na mamlaka ya eneo, na mamlaka enzi zile zilikuwa tatu, kila moja na askari wake.

Tuliomba kitu kimoja: mota ya mtumbwi, na mafuta ya mwaka mmoja. Mota ingefanya saa nne ziwe dakika arobaini. Fomu ikauliza, je, ninyi wenyewe mtachangia nini? Maana mfadhili hataki kumpa mtu aliyekaa tu. Tukajibu kwamba tutachangia mtumbwi.

Nawaomba wanaosoma hili wasipite haraka hapo. Mtumbwi wa kubeba mgonjwa aliyelala, mhudumu, na mota nyuma, haununuliwi dukani. Wanaume waliingia msituni wakauchagua mti, wakauangusha, wakauchimba kwa shoka na moto kwa majuma matatu. Kisha kijiji kizima kilitoka kwa salongo, kazi ya pamoja, wanawake na wazee na hata mchungaji, tukauvuta kwa kamba za mti hadi majini huku tukiimba. Yaya alikuwa akiwapikia wachimbaji pondu, kisamvu chetu, kila siku, tumbo lake likimtangulia jikoni. Nilimwambia apumzike. Akaniambia mtumbwi ni wake kuliko wa mtu yeyote, kwa hiyo nimwache aupikie.

Barua ya kwanza ilipokuja ilikuwa nzuri. Shirika lilipokea ombi letu na lingetuma watu wawili waje waone, mmoja wao mama mundele, yaani Mzungu. Tulikaa kikao siku hiyo hiyo, chini ya bati la kituo. Swali lilikuwa moja: wageni watafikaje?

Shemeji yangu, mume wa yaya, ambaye hazungumzi vikaoni, siku hiyo alizungumza.

"Baje na kasia," akasema. "Sisi tutabapiga kasia. Kwenda na kurudi. Bakae mu jua saa nne, baone vile iko."

Watu wakaanza kulipima neno lake. Mimi ndiye niliyesimama. Na hasira zangu zikasimama pamoja nami.

"Shemeji, mugeni anachoka mu mikono yetu? Mama mundele apigwe na jua mpaka ugonjwa, alafu tumuombe kitu? Atasema tuko batu ya namna gani?"

Kila mtu akaitikia. Kwetu mgeni akija kwako kwa wito wako, safari yake ni yako. Unamfuata alipo, unambeba, unampa kiti kizuri hata kama wewe unakaa chini, na akirudi kwao awe amenenepa. Hilo halina mjadala. Nilikuwa nasema jambo ambalo kila mtu amelelewa nalo, tena nilikuwa nalisema kwa sauti ya mwalimu. Shemeji akatazama mikono yake. Yaya, aliyekuwa amekaa mlangoni, akanitazama mimi kwa muda mrefu kidogo, kisha akasema tu, "Mutoto huyu ana haya mingi."

Kosa lilikuwa langu. Wengine waliitikia, lakini aliyelitoa ni mimi.

Mjini nilimjua mzee mmoja, papa kama tunavyosema, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, aliyeuza chumvi na sabuni kwa jumla. Tulisali kanisa moja nilipokuwa nasomea ualimu. Alikuwa na mota nzuri ya mashua yake ya mizigo. Nilimwomba atuazime siku moja, akakubali bila kuuliza mengi, akasema nisimrudishie ikiwa na mchanga ndani. Mafuta tuliyapata kwa mbuzi wa kanisa na kuku wa watu wanne. Tukaifunga mota ile kwenye mtumbwi wetu mpya, ikakaa sawasawa, na nilipoivuta kamba ikanguruma, watoto ukingoni wakapiga kelele za furaha. Nilisikia fahari. Siwezi kusema uongo, nilisikia fahari hadi shingoni.

Wageni walikuwa wawili, mama mundele kijana mwenye daftari, na mwenzake, Mkongo mwenye miwani, mtu wa heshima aliyezungumza Kiswahili cha mashariki kwa upole. Tulishuka nao dakika ishirini na tano. Upepo uliwapiga usoni, mama akatabasamu njia nzima. Kijiji kilikuwa kimefagiliwa. Kituo kilikuwa kimepakwa chokaa ya udongo mweupe, kitanda cha kuzalia kimetandikwa shuka iliyoletwa na mke wa mchungaji, muuguzi amevaa koti alilolifua mara mbili. Wanawake walivaa liputa, vitenge vyao vya sikukuu. Tuliwalisha lituma ya ndizi zilizopondwa, samaki wa liboke waliochomwa majanini, kuku mzima kwa kila mgeni. Mama mundele alipiga picha nyingi, na kila alipoinua kamera watu walinyoosha migongo.

Baada ya kula, yule bwana wa miwani alishuka ukingoni na daftari lake. Akaigusa mota.

"Na hii motere iko ya nani?"

Mwenyekiti wa kamati, mzee wetu, alijibu kabla sijafungua kinywa. Alijibu kama mtu yeyote wa kwetu angemjibu mgeni anayesifu kitu: "Iko ya sisi bote, papa. Na sasa ni yenu pia."

Kumwambia mgeni kwamba kitu ulichombebea umekiazima ni kumwambia kwamba yeye ni mzigo. Hakuna anayefanya hivyo. Mama mundele akanigeukia ili nimtafsirie, nami nikamtafsiria neno kwa neno, kwa Kifaransa safi kabisa. Akaandika. Niliiona kalamu ikitembea, nikajiambia nitamweleza baadaye, pembeni, kwa heshima. Lakini baadaye askari wa bandari wangefunga kivuko, ikabidi waondoke haraka, na mota ilikuwa inanguruma, na huwezi kumweleza mtu jambo la aibu kwa kupiga kelele.

Jibu lilikuja baada ya majuma sita. Shirika lilitupongeza kwa ari yetu. Lilisema tathmini imeonyesha kwamba jamii tayari ina usafiri wa mota, kwa hiyo hitaji limekwisha kutimizwa kwa sehemu kubwa, na fedha zilizopo, ambazo hazitoshi, zitaelekezwa kwa jamii zilizo katika hatari zaidi. Hata hivyo, ili kulinda uwekezaji wetu, walikuwa tayari kufadhili mafunzo ya siku mbili ya utunzaji wa mota kwa watu watatu.

Nilisoma barua ile mara ya pili kwa sauti, mbele ya kamati, nikitafsiri. Nilipofika kwenye mafunzo, mtu mmoja nyuma alianza kucheka, kisha wote wakacheka, na mimi nikacheka hadi nikalia, na sijui ni wakati gani kicheko kiliisha. Shemeji peke yake hakucheka. Alitoka nje, akaenda kutengeneza nyavu zake.

Tulikwenda kwenye mafunzo. Ungefanya nini? Walitoa chakula cha mchana, na nilidhani nitampata pale mtu wa kumweleza ukweli. Nilijifunza kusafisha plagi, kuchanganya mafuta na oili, kukausha mota iliyozama majini. Nilikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote. Nilipewa cheti. Na kwa kila aliyekuwa na beji shingoni nilieleza kwamba mota ile ilikuwa ya kuazima, na kila mmoja alinisikiliza kwa huruma, akaniambia niandike. Niliandika. Nikajibiwa kwamba maelezo yangu yanapingana na ripoti ya tathmini, ripoti ambayo chanzo chake, niliposoma chini, kilikuwa "katibu wa kamati". Mama mundele alikuwa amekwisha kurudi kwao. Bwana wa miwani alikuwa amehamishiwa Goma. Mfuko ule ulikuwa umefungwa. Sikupata hata mtu mmoja mbaya wa kumkasirikia.

Tukaamua basi kumpeleka yaya mjini mapema, akakae kwa yule papa wa chumvi, mwezi wa nane wa mimba ukiisha, asubirie huko karibu na hospitali. Mke wake alikubali, akaandaa chumba. Yaya alikuwa amekwisha kufunga nguo zake na za mtoto kwenye kitambaa. Siku mbili kabla ya safari, majeshi ya nchi mbili za jirani, ambayo tulikuwa tumeambiwa ni marafiki, yakaanza kupigana mjini mwetu. Tulisikia mizinga kutoka kwetu, mchana kutwa. Wakati sisi tunataka kwenda mjini, watu wa mjini walikuwa wanakuja kwetu, mtumbwi baada ya mtumbwi, na magodoro na masufuria na vikongwe. Tuliwapokea. Yaya alifungua kile kitambaa, akatoa nguo mbili za mtoto wake akampa mama mmoja aliyefika na kichanga uchi.

Mizinga iliponyamaza, kivuko kilibaki kimefungwa. Mota ya papa wa chumvi askari walikuwa wameichukua. Ni ya nani, hawakuuliza.

Uchungu ulimshika yaya asubuhi moja ya mvua, majuma matatu kabla ya hesabu. Muuguzi alimpapasa, akaniangalia, akatikisa kichwa. Tukambeba hadi mtumbwini, ule mtumbwi wetu mkubwa uliochongwa kwa ajili ya mota, mzito kuliko mitumbwi yote ya kijiji. Katika mwepesi asingeweza kulala. Shemeji na wanaume watatu walishika makasia. Mimi nilikaa naye chini, nimeshika turubai juu ya uso wake, muuguzi miguuni pake.

Saa ya kwanza alikuwa ananitania. Aliniuliza kama nimekunywa chai, nikasema sijanywa, akasema hata mwalimu mkuu hawezi kushika turubai na njaa. Akaniambia nisisahau majani ya chikwange aliyoyaacha nje, mvua isiyaozeshe. Saa ya pili alikuwa hasemi, anabana mkono wangu tu. Kisha akapiga kelele moja ambayo sikuwahi kusikia kwake, na baada ya hapo maumivu yakakoma ghafla, akasema kwa mshangao, "Imepita." Nikashukuru Mungu kwa sauti. Muuguzi hakushukuru. Alikuwa anajua maana ya uchungu unaokoma hivyo. Akawaambia wapiga makasia, "Kazeni," na walikuwa wamekwisha kukaza mpaka viganja vinatoka damu, na ukingo ulikuwa unapita polepole, mti mmoja, kisha mti mwingine, niliweza kuuhesabu kila mmoja.

Nataka kusema tulivyohisi, maana watu huandika habari kama hizi kana kwamba walioko mtumbwini ni mizigo. Nilihisi kwamba mikono yangu haina kazi duniani. Nilikuwa na cheti cha mota mfukoni, kwa kweli, kilikuwa pamoja na kitambulisho changu. Nilikuwa na Kifaransa. Nilikuwa na muhuri. Na dada yangu alikuwa anakuwa baridi kuanzia vidoleni, na nilichoweza ni kumsugua vidole hivyo.

Kwenye kizuizi cha mtoni askari walitusimamisha. Walikuwa wachovu na wamelowa kama sisi. Mmoja alichungulia chini ya turubai, akaturuhusu mara moja, hata hakuomba kitu. Nasema haya kwa sababu ni kweli. Hakuna aliyetuchelewesha siku ile ila maji.

Tulipoiona minara ya kanisa kubwa la mjini, shemeji alimwita yaya kwa jina lake la nyumbani. Hakuitika. Aliita tena, akiwa bado anapiga kasia, na hakuacha kupiga kasia hata baada ya muuguzi kumwekea mkono begani. Alituvusha hivyo hadi upande wa pili. Daktari alitupokea, akamfunika yeye na mtoto wake aliyekuwa bado tumboni, akatuuliza tumetumia muda gani. Shemeji akamwambia.

Shemeji hajawahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu. Watoto wake watatu wanakula kwangu kila Jumapili, naye huja nao, tunakaa, tunazungumza habari za samaki.

Ulipita mwaka na zaidi. Nikasikia kwamba shirika lile limefungua mfuko mpya na yule bwana wa miwani amerudi. Nilikwenda. Alinitambua mlangoni, akasimama, akanipa mkono kwa mikono miwili. Nikamweleza yote, kuhusu mota, kuhusu papa wa chumvi, kuhusu jibu la mwenyekiti na tafsiri yangu. Alivua miwani.

"Lakini mwalimu, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Mulikuwa bageni wetu," nikasema.

Kisha akafunga mlango, akatoa fomu mpya, akasema safari hii tutaijaza pamoja, yeye mwenyewe, isikose kitu. Alikuwa mtu mwema, na alifanya kazi ile na mimi asubuhi nzima bila kunyanyuka. Tukafika kwenye kisanduku kimoja: akina mama waliofariki kwa kukosa usafiri wa kufika hospitali.

"Mmoja," nikasema, nikamtajia siku.

Aliandika, kisha akasita. Akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Bon. Mwalimu, hapa wanataka miezi kumi na miwili ya mwisho tu. Huyu ana kumi na minne. Nikimuweka, watarudisha dossier yote."

"Huyu ni yaya yangu."

Mkono wake ulibaki hewani juu ya karatasi. "Pole," akasema. "Pole sana, ndugu yangu." Na macho yake yalikuwa yanasema kweli. Alingoja kadiri mtu wa heshima anavyongoja, ndipo akauliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama:

"Hakuna mwengine?"

Nikaanza kutafuta. Nilikaa pale kwenye kiti chao cha plastiki nikatembea kichwani mwangu nyumba kwa nyumba, kutoka bandarini hadi mwisho wa mashamba, nikiuliza kila mlango kama kuna mama aliyekufa. Nyumba ya kwanza hapana. Ya pili hapana. Nilianza kuogopa kwamba hatuna. Ndipo nikamkumbuka mke wa pili wa mvuvi mmoja wa juu ya kijiji, msichana mpole aliyekuwa ameolewa msimu wa mvua uliopita, aliyetokwa na damu mtumbwini kabla hawajafika hata nusu ya njia. Ilikuwa miezi minne tu.

"Iko," nikamwambia. "Iko mumoja!"

Naye akainama kuandika, na mimi nilikuwa nimefurahi.